LEWIS NKOSI: KALAMU YA UGENINI, KIPAZA SAUTI CHA NANI?

Katika madarasa yetu ya itikadi kuna tabia iliyozoeleka ya kumhukumu mwandishi kwa swali moja tu: yuko upande gani? Swali hilo ni la haki na hatuna budi kuliuliza. Lakini likiulizwa peke yake huzaa uvivu wa fikra. Kada akishapata jibu hufunga kitabu, humgonga mwandishi mhuri wa "mwenzetu" au wa "kibaraka", kisha huendelea na mada nyingine. Makala hii inamchunguza mtu ambaye mhuri wa namna hiyo haumtoshi. Huyo ni Lewis Nkosi wa Afrika Kusini, mwandishi, mhakiki na mtangazaji, aliyeishi ugenini sehemu kubwa ya maisha yake na kufariki Johannesburg tarehe 5 Septemba 2010.

Nkosi anatupa mtihani mgumu kwa sababu mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja, alifanya kazi ya utangazaji katika chombo cha London kilicholishwa fedha za Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA. Kwa upande wa pili, ni yeye aliyewaambia waandishi weusi wa nchi yake, mapema kuliko wengi, kwamba uhalali wa mapambano hausamehe uandishi mbovu. Anayeshika la kwanza akaliacha la pili anapoteza somo kubwa. Anayeshika la pili akalisahau la kwanza anadanganyika. Hoja ya makala hii ni kwamba yote mawili yashikwe pamoja, na kwamba juu yake liwekwe swali la tatu ambalo hatuna mazoea ya kuliuliza: mwandishi huyu alisikika na nani?

ALIKOTOKA

Lewis Nkosi alizaliwa Durban, jimboni Natal, tarehe 5 Desemba 1936. Alilelewa na bibi yake, akasoma katika shule ya misheni ya Kilutheri huko Eshowe. Alikuwa mtoto wa miaka 11 pale chama cha makaburu, National Party, kilipotwaa serikali mwaka 1948 na kuanza kuugeuza ubaguzi wa zamani kuwa mfumo kamili wa sheria: sheria za makazi, sheria za pasi, Sheria ya Elimu ya Bantu ya mwaka 1953, hata sheria ya kupiga marufuku mapenzi baina ya watu wa rangi mbili.

Kazi ya kalamu aliianza mwaka 1955 katika Ilanga lase Natal, gazeti lililoasisiwa na John Dube mwaka 1903. Baadaye akaenda Johannesburg kwenye jarida la Drum na gazeti ndugu yake, Golden City Post. Huko alikutana na kundi la waandishi ambao majina yao yamebaki katika historia: Can Themba, Ezekiel Mphahlele, Bloke Modisane, Todd Matshikiza na rafiki yake wa Durban, Nat Nakasa. Walikuwa vijana wa mjini waliokwisha kukataa kuitwa watu wa kabila na wakati huohuo wamekataliwa kuwa raia. Sophiatown, mtaa uliowalea wengi wao, ulianza kubomolewa Februari 1955.

Hapa tayari tunakutana na suala la nani anamiliki chombo. Mwenye Drum, Jim Bailey, alikuwa mtoto wa Sir Abe Bailey, mmoja wa matajiri wakubwa wa migodi. Mtaji uliochapa jarida la weusi ulitoka katika jasho la wachimbaji weusi. Lakini ni katika Drum hiyohiyo mwaka 1952 Henry Nxumalo alifichua mateso ya vibarua katika mashamba ya Bethal, na baadaye akajiingiza gerezani makusudi ili aandike mambo aliyoyaona kwa macho yake. Mwenye mali alitaka jarida liuzwe, na mwandishi alitaka ukweli ujulikane. Kwa muda fulani matakwa hayo mawili yalipita njia moja. Kada asiyeona kupingana huko ndani ya chombo kimoja hataweza kumwelewa Nkosi, kwa maana maisha yake yote ya kazi yalipita katika hali hiyo. Hakupata kuwa na kipaza sauti kilichokuwa chake au cha watu wake.

Mwaka 1959 alishirikiana na Modisane na Mmarekani Lionel Rogosin kuandika filamu ya Come Back, Africa, na yeye mwenyewe anaonekana ndani yake. Filamu hiyo ilipigwa kwa siri, wenye mamlaka wakiwa wameaminishwa kuwa kinachopigwa ni picha za muziki na utalii. Machi 21 mwaka uliofuata polisi waliua watu 69 Sharpeville, na vyama vya ukombozi, ANC na PAC, vikapigwa marufuku.

MLANGO WA KUTOKEA TU

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Nkosi alipata nafasi ya Nieman, mpango wa mafunzo kwa waandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Serikali ya makaburu ilimnyima pasipoti. Badala yake ilimpa hati ya kuondoka bila kurudi. Mwenye kuitia sahihi hati hiyo aliuza uraia wake kwa safari moja. Ilikuwa silaha ya kijanja: haikuhitaji gereza wala risasi, na ilimwondoa mtu mbele ya watu wake huku ikionekana kana kwamba ameondoka kwa hiari yake.

Tuyatazame matokeo yake kwa kundi zima. Nat Nakasa aliondoka kwa hati ya namna hiyo mwaka 1964, naye alikufa New York Julai 1965, miezi michache tu baada ya kuondoka kwao. Can Themba alifia Swaziland. Todd Matshikiza alifia Lusaka mwaka 1968. Modisane alifia Ujerumani mwaka 1986. Mphahlele alirejea mwaka 1977 akalaumiwa na baadhi ya wenzake kwa kurejea. Na kwa wale waliokuwa hai mwaka 1966, serikali iliongeza pigo la pili: Nkosi, Mphahlele, Modisane, Matshikiza, Themba na mshairi Mazisi Kunene waliorodheshwa chini ya Sheria ya Kukandamiza Ukomunisti, na maandishi yao yakawa hayaruhusiwi kusomwa wala kunukuliwa nchini mwao. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Makaburu waliielewa methali hiyo vizuri, ndiyo maana walihakikisha kwamba hakuna mcheza kwao.

KIPAZA SAUTI CHA LONDON

Kutoka Marekani Nkosi alikwenda London. Mwaka 1962 kilianzishwa hapo chombo kilichoitwa Transcription Centre, chini ya uongozi wa Dennis Duerden. Kazi yake ilikuwa kunasa mazungumzo, mahojiano na michezo ya waandishi na wasanii wa Kiafrika katika kanda, kisha kuzipeleka kanda hizo kwa vituo vya redio vya nchi za Afrika, ambavyo vingi vilikuwa vichanga na havikuwa na vipindi vya kutosha vya utamaduni. Nkosi alikiendesha kipindi cha Africa Abroad kuanzia mwaka 1962 hadi 1965. Katika mfululizo wa televisheni uliotengenezwa kwa ajili ya watazamaji wa Marekani aliwahoji waandishi kama Chinua Achebe na Wole Soyinka, wakati ambapo majina hayo yalikuwa bado hayajazoeleka duniani. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1968 alikuwa mhariri wa fasihi wa The New African, jarida lililoanzishwa Cape Town na kulazimika kuhamia London.

Fedha za Transcription Centre zilitoka kwa Congress for Cultural Freedom, taasisi yenye makao yake Paris, kwa kupitia mfuko wa hisani ulioitwa Farfield Foundation. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba Congress hiyo ilikuwa ikigharimiwa na CIA kwa siri. Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyosaidia klabu ya waandishi ya Mbari huko Ibadan na jarida la Transition la Kampala.

Ieleweke wazi mabeberu walitaka nini. Hawakuwa wakitafuta mashairi ya kuusifu ubepari. Lengo lao lilikuwa la ndani zaidi: kuwajenga wasomi wa Afrika huru wazoee kuuona utamaduni kama jambo lisilo na siasa, wakutane London na Paris badala ya Moscow na Peking, na wayaone mashirika ya Magharibi kuwa ndiyo mlezi wa asili wa sanaa. Huo ni ukoloni mamboleo uliovaa joho la hisani, na hauwi mwema kwa sababu tu uliacha nyuma yake kanda nzuri.

Lakini kutoka hapo kwenda kwenye hitimisho kwamba Nkosi alikuwa sauti ya CIA ni kuruka hatua. Mzunguko wa fedha ulifichwa makusudi ili mpokeaji asiuone. Zaidi ya hayo, maneno yenyewe yapo na yanasomeka. Katika Home and Exile, kitabu chake cha insha cha mwaka 1965, Nkosi haufichi unyama wa ubaguzi wala hausifu uhuru wa Marekani. New York anaiangalia kwa macho ya mtu mweusi anayejua ubaguzi kwa harufu yake. Na makaburu, waliokuwa marafiki wa ubeberu, walimpiga marufuku mwaka uleule CIA ilipoanza kufichuliwa. Bwana mmoja alilipa na bwana mwingine alifunga mdomo, na kati yao alisimama mtu aliyekuwa na akili zake.

Wapo watakaomtetea kwa methali ya mtumikie kafiri upate mradi wako. Methali hiyo ina ukweli wake, ila ina sharti ambalo husahaulika: lazima mtumishi aujue mradi wake na awe na mahali pa kuupeleka. Hapo ndipo udhaifu halisi wa Nkosi ulipo, nasi tutaurudia.

KAMPALA, JUNI 1962

Mkutano wa Makerere wa mwaka 1962 unatuhusu sisi moja kwa moja. Congress ileile iliugharimia, na Mphahlele, aliyekuwa akiongoza idara yake ya Afrika kutoka Paris, alikuwa mmoja wa waandaaji. Walihudhuria Achebe, Soyinka, Christopher Okigbo, Langston Hughes kutoka Marekani, mwanafunzi kijana aliyeitwa wakati huo James Ngugi, na Nkosi, ambaye aliandika habari za mkutano huo kwa wasomaji wa Uingereza. Jina rasmi la mkutano lilitaja waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza, na sharti hilo la lugha ndilo lililoamua nani aingie na nani abaki nje.

Shaaban Robert alibaki nje. Mtu aliyekuwa ameijenga nathari na ushairi wa Kiswahili kwa zaidi ya miongo miwili hakuwa na sifa ya kuitwa mwandishi wa Afrika katika mkutano uliofanyika Afrika Mashariki. Alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Obi Wali wa Nigeria aliishambulia hali hiyo mwaka uliofuata katika kurasa za Transition, na Ngugi aliirudia kwa urefu mwaka 1986. Nkosi alikuwa mhakiki mwenye macho makali, lakini katika hili macho yake hayakuona kosa la msingi. Mjadala mrefu ulifanyika juu ya fasihi ya Kiafrika ni nini, huku mlango ukiwa umekwisha kufungwa mbele ya lugha za Waafrika.

SHUTUMA YAKE: FANI NA MAUDHUI

Tuje sasa kwenye kazi iliyompa Nkosi nafasi yake ya kudumu. Katika insha yake juu ya hadithi za waandishi weusi wa Afrika Kusini, aliyoitoa katikati ya miaka ya 1960, alisema kwa ukali kwamba sehemu kubwa ya hadithi hizo ni taarifa za gazeti zilizovishwa nguo za fasihi. Mwandishi huchukua tukio la kweli: polisi wanavunja mlango, mwenye shamba anapiga, kijana anafungwa kwa kukosa pasi. Kisha analiweka kwenye karatasi akiamini kwamba uzito wa tukio utafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na sanaa. Wahusika hawana nafsi. Kaburu ni kaburu tu, na mnyonge ni mnyonge tu. Msomaji anajua mwisho kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Riwaya ya Richard Rive, Emergency, ya mwaka 1964, ilipata kipigo kikubwa katika hoja hiyo.

Jambo la kuangalia ni nani aliyemsifu. Alimsifu Alex La Guma, kwa kitabu chake A Walk in the Night cha mwaka 1962. La Guma hakuwa msomi wa kukwepa siasa. Alikuwa mkomunisti, mmoja wa washtakiwa 156 wa kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1956, na baadaye mwakilishi wa ANC huko Cuba. Kwa hiyo hoja kwamba Nkosi alipinga siasa katika fasihi haisimami. Alichokiona kwa La Guma ni kwamba mtaa wa District Six unanuka, unapumua, una watu wanaokosea na kuogopa, na kwa sababu hiyo ubaguzi unaonekana ukifanya kazi ndani ya binadamu badala ya kutangazwa juu ya kichwa chake. Maudhui ya kimapinduzi yamebebwa na fani inayoyaweza.

Hapa ndugu makada tusikwepe. Shutuma hii inatugusa. Kila mwenye kuendesha semina amekutana na shairi la sherehe ambalo ukibadilisha jina la mgeni rasmi linafaa sherehe nyingine yoyote, na mchezo wa kuigiza ambamo bepari ana tumbo na mfanyakazi hana dosari. Tunapiga makofi kwa kuwa msimamo ni sahihi. Lakini mkulima aliyeketi mbele yetu anajua kwamba jirani yake, mkulima mwenzake, anaweza kuwa mlafi, na kwamba mwenye duka anaweza kuwa mtu wa huruma na bado akamnyonya. Tukimwonyesha dunia nyepesi kuliko ile anayoiishi, hatatuamini hata pale tunaposema kweli.

Wala hoja hii haikubaki ya mtu wa pembeni. Mwaka 1984 Njabulo Ndebele aliiendeleza kwa kudai kwamba waandishi waache maonyesho ya vituko vya ukatili wayachunguze maisha ya kawaida ya watu. Mwaka 1989 Albie Sachs, mpigania uhuru aliyepoteza mkono kwa bomu la makaburu huko Maputo mwaka uliotangulia, aliandaa hati kwa ajili ya semina ya ndani ya ANC mjini Lusaka. Humo alipendekeza wanachama waache kwa muda kusema kwamba utamaduni ni silaha ya mapambano, kwa kuwa usemi huo ulikuwa umeanza kuficha umaskini wa kazi zenyewe. Chama cha ukombozi kililijadili ndani ya vikao vyake jambo ambalo Nkosi alilisema zaidi ya miaka 20 kabla.

UPANDE WA PILI WA MIZANI

Haki inatutaka tumpime na yeye pia. Kwanza, kipimo alichokitumia kilitoka zaidi katika riwaya ya Ulaya, kwa akina Dostoyevsky, Kafka na Joyce. Aliwalaumu wenzake kwa kuandika kana kwamba mabwana hao hawakuwahi kuandika. Lakini hakuipa uzito wa kutosha hali yakinifu ya uzalishaji wa kazi hizo. Mphahlele alikwisha kueleza kwamba mwandishi mweusi alikimbilia hadithi fupi kwa sababu hakuwa na chumba, muda wala utulivu wa kuandika riwaya. Anayeandika chumbani wanakolala watu sita, huku akisikiliza buti za polisi, hawezi kulaumiwa kana kwamba amekataa kwa hiari kujifunza ufundi.

Pili, kazi zake mwenyewe za ubunifu hazikufikia daima kiwango alichowadai wengine. Tamthiliya yake The Rhythm of Violence ya mwaka 1964, inayohusu wanafunzi wa Johannesburg na bomu lililotegwa, ina mazungumzo mengi ya hoja kuliko ya watu. Riwaya yake maarufu, Mating Birds ya mwaka 1986, ina nguvu zaidi. Kijana wa Kizulu anangoja kunyongwa kwa shtaka la kumbaka mwanamke mweupe aliyemwona katika ufuko wa Durban uliogawanywa kwa rangi. Kitabu hicho kinaonyesha jinsi sheria ya kibaguzi inavyoingia hata ndani ya tamaa ya mtu. Lakini habari yote inatoka mdomoni mwa mwanaume huyo, na mwanamke hana sauti. Wahakiki waliuliza, na walikuwa na haki kuuliza, kama katika kuushambulia ubaguzi wa rangi mwandishi hakuacha dhuluma dhidi ya mwanamke ipite bila kuchunguzwa.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni suala la masikio. Tarehe 26 Juni 1963 sauti ya Walter Sisulu ilisikika katika matangazo ya siri ya Radio Freedom ndani ya Afrika Kusini. Katika miaka iliyofuata redio hiyo ya ANC ilirushwa, kwa nyakati mbalimbali, kupitia mitambo ya Tanzania, Zambia, Angola, Ethiopia na Madagascar. Mitambo ilikuwa dhaifu na vipindi vilikuwa vifupi. Lugha yake wakati mwingine ilikuwa ileile ya matamko ambayo Nkosi angeicheka. Lakini watu wa Soweto walijifungia chumbani wakaisikiliza kwa sauti ya chini, wakijua kwamba kukamatwa ni jela. Kipindi cha Nkosi cha London kilikuwa na mitambo bora, mtangazaji hodari na waandishi wakubwa, nacho kilisikika Lagos, Accra na vyumba vya wasomi wa Uingereza. Kwa Chesterville kilikuwa kimya.

Ufundi ulikuwa upande mmoja na masikio upande mwingine, na ubaguzi ndio uliovitenganisha. Hilo ndilo janga la Nkosi, na ni kubwa kuliko suala la nani alitia sahihi hundi. Baada ya London alisoma Sussex, akaandika Tasks and Masks mwaka 1981, akafundisha katika vyuo vikuu vya Zambia, Warsaw na Wyoming, akaishi Basel. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: baada ya mwaka 1990 mlango ulifunguka, na katika Underground People ya mwaka 2002 na Mandela's Ego ya mwaka 2006 aliirejea nchi yake kwa kejeli na kwa mapenzi, akimcheka hata kijana wa kijijini anayemwabudu kiongozi mpaka anapoteza uwezo wake mwenyewe. Kada asome riwaya hiyo ya mwisho kwa makini, maana inahusu watu wanaogeuza kiongozi kuwa hirizi.

MAFUNZO

Kutokana na uchunguzi huu tunapata maswali matatu ambayo kada anapaswa kuyauliza kwa pamoja anapoipima kazi yoyote ya kalamu au ya redio.

Kwanza, nani analipa, na anatarajia nini? Swali hili halina msamaha. Historia ya Transcription Centre inaonyesha kwamba beberu hujificha nyuma ya wema wa kweli, si nyuma ya ubaya unaoonekana.

Pili, kazi yenyewe imefanywaje? Fedha chafu hazifanyi hoja sahihi kuwa ya uongo, na msimamo safi haufanyi shairi bovu kuwa zuri. Adui akisema kweli juu ya udhaifu wetu, dawa ni kuuondoa udhaifu huo.

Tatu, nani anasikia, na kwa lugha gani? Chombo chetu tunachomiliki wenyewe, kinachosema lugha ya watu wetu, ni mali ambayo Nkosi hakuipata maisha yake yote. Kukitumia kwa maneno makavu yasiyomgusa msikilizaji ni kuifuja.

Vikundi vya masomo vinashauriwa kusoma insha za Home and Exile sambamba na A Walk in the Night ya La Guma, kisha kila mshiriki alete shairi, ngonjera au igizo moja lililotungwa na kikundi chake na kulipima kwa maswali hayo matatu mbele ya wenzake, mtunzi mwenyewe akiwapo.